Jinsi ya kupata kiti cha rubani Arusha ukiwa na masaa 200 ya kuruka, na rubani mgeni mwenye masaa 1,500 kaomba kazi hiyohiyo

Hii naiandika kwa vijana wetu waliomaliza CPL, yani leseni ya urubani wa biashara, iwe Afrika Kusini, iwe uwanja wa Wilson pale Nairobi, Soroti Uganda au Ethiopia, wamerudi nyumbani na leseni yao na saivi wanazunguka na CV uwanja wa Kisongo hamna anayewajibu, alafu wanamuona kijana wa kizungu au Mkenya anashuka kwenye Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja ya safari, na mistari yake begani, roho inauma. Na inauma kweli, maana wengine huko Moshi mzee kauza kiwanja na mama kaingia mkopo wa SACCOS ili mtoto asome urubani. Mimi niko opresheni, makaratasi ya ndege na ya marubani yanapita mikononi mwangu kila siku, kwaiyo naona CV zinavyoingia na naona zipi zinawekwa pembeni na kwanini.

Kitu cha kwanza, jua unashindana na nini hasa. Wengi wanasema ni rangi, ni kujuana, ni wenye kampuni kupendelea watu wao. Upendeleo upo sikatai. Ila kinachowatoa vijana wengi ni bima. Kampuni inayokatia ndege bima ndo inaweka masharti ya nani ashike usukani, kwa mfano inaweza kusema kapteni wa Caravan asiwe chini ya masaa 1,000 na kati ya hayo 100 yawe ya Caravan yenyewe, sasa hapo hata chifu pailoti awe mjomba wako wa damu hawezi kukukalisha kushoto, kiti cha kapteni. CPL unaipata na masaa 200, au 150 kama ulisoma kozi moja iliyounganishwa kwenye chuo kilichoidhinishwa, na Caravan kisheria inaweza kuongozwa na mwenye CPL, haihitaji ATPL, ile leseni ya juu kabisa ya urubani, ya masaa 1,500. Kwaiyo leseni unayo, sheria inakuruhusu, ila kuna shimo kati ya 200 na pale bima inapoanza kukuamini. Mgeni analetwa kwasababu ameshavuka hilo shimo huko kwao. Kazi yako ni kulivuka hapahapa.

Na ujue una kitu ambacho mgeni hana. Yeye kabla hajagusa ndege hapa kampuni inatakiwa imuombee kibali cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, kibali cha ukaazi Uhamiaji, alafu leseni yake ya nje itambuliwe na TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri aonyeshe kwamba ametafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akakosa, na awe na mpango wa urithishaji, yani Mtanzania gani atajifunza hiyo kazi aje aichukue. Kibali chenyewe kinatolewa kwa miaka 2 alafu kinaombwa upya. Hii ni hela, ni muda, ni presha kwa ofisi nzima, hata huyo Mkenya jirani yetu pamoja na Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanza 2010 bado kibali anakihitaji. Wewe unaanza kazi Jumatatu. Sema hivyo kwenye barua yako ya maombi, sentensi moja inatosha, usiifanye hotuba ya uzalendo.

Ila hiyo faida unaiua mwenyewe kama makaratasi yako hayako sawa, na hapa ndo nawaonea huruma sana vijana. Mtu anakuja na leseni ya Afrika Kusini hajaibadilisha kuwa ya TCAA, anasema nikipata kazi ntabadilisha. Hapana kaka, hapo umeshakuwa mgeni kwenye nchi yako, wote mna leseni ya nje na mwenzako ana masaa zaidi. Badilisha kwanza, fanya mitihani ya TCAA, maliza. Medikali, yani cheti cha afya, daraja la kwanza ukiwa chini ya miaka 40 inadumu miezi 12, usiache iishe eti kwasababu huna kazi, simu za kazi za huku zinakuja ghafla, rubani kaumwa, mwingine kaacha, wanataka mtu wiki hii na anayepata ni yule ambaye karatasi zake zote ziko hai. Kiingereza cha redio pia. Daraja la 4 linaruhusiwa lakini kila miaka 3 unarudi kupimwa, la 5 ni miaka 6, la 6 halirudiwi. Wageni wengi wanakuja na 6, jipange upate 5 au 6 na wewe, hicho ni kitu kiko ndani ya uwezo wako kabisa.

Na logibuku, kile kitabu unachoandikia masaa yako ya kuruka, iwe safi. Masaa ya kalamu, yale mtu anayaandika sebuleni, msijaribu. Kila ndege ina kitabu chake kinachoonyesha iliruka lini na muda gani, mtu akitaka kulinganisha analinganisha, na huku Kaskazini marubani wote wanajuana. Ukishaitwa mwongo Kisongo basi hata Zanzibar wameshasikia.

Sasa masaa yanapatikana wapi. Njia ya kawaida huku ni kukaa kulia, kiti cha rubani msaidizi, kwenye Caravan. Ndege yenyewe inaruka na rubani mmoja, lakini mawakala wengi wa safari wanataka watalii wao waone marubani wawili mbele, kwaiyo hicho kiti kipo na ndo mlango wenu. Ila sikilizeni vizuri hapa maana watu wamepoteza miaka. Kwa kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ukikaa kama rubani msaidizi kwenye ndege iliyothibitishwa kwa rubani mmoja ambayo mamlaka imetaka iwe na msaidizi, masaa yako yanahesabiwa si zaidi ya nusu unapoelekea leseni ya juu. Na kama hakuna aliyekutaka kisheria uwepo pale, kampuni imekuweka tu kufurahisha wateja, unaweza kuambiwa hayahesabiwi kabisa. Kabla hujasaini muulize chifu pailoti masaa yangu yataandikwaje, kuna utaratibu wa mimi kuruka kama kapteni chini ya uangalizi, na bima yenu inanitaka nifike wapi ndo nihamie kushoto. Jibu la maandishi ni zuri zaidi, na chifu mzuri hakasiriki, anajua huyu anajua anachotafuta. Alafu peleka swali hilohilo TCAA ulisikie na kwao.

Usiishie Kisongo peke yake lakini. Makao makuu ya TANAPA yako hapahapa Arusha na wana ndege za doria kwenye hifadhi, kazi za serikali zinatangazwa Ajira Portal, ifungue kila mara. Ualimu wa urubani unajenga masaa ya ukapteni haraka kuliko kiti cha kulia, ingawa nafasi nyingi utazikuta Nairobi au Afrika Kusini, na huko sasa mgeni anayehitaji kibali ni wewe. Na fuatilia makampuni makubwa ya Dar hata kama huwezi kuyaomba saivi. Air Tanzania tangu 2016 imeongeza ndege za Q400, A220, 787, 737 MAX, na hao marubani hawashuki mbinguni, wengine wanatoka kwenye ndege ndogo, na akiondoka kapteni mmoja Arusha basi aliyekuwa kulia anahamia kushoto na kiti cha kulia kinabaki wazi. Ukisikia ndege mpya inakuja Dar, hiyo ndo wiki ya kupeleka CV Kisongo.

Msimu nao una maana kubwa. Watalii wanajaa Juni mpaka Oktoba, nyumbu wanavuka mto Mara pale Kogatende na ndege hazipumziki, alafu tena Desemba mpaka Februari. Aprili na Mei ni masika, kambi nyingi zinafungwa, ndege zinaenda matengenezo na ndo muda kampuni inafundisha watu wapya. Kwaiyo CV ya mwezi wa saba imechelewa, chifu yuko angani mwenyewe hana muda wa kukusoma. Peleka Februari au Machi, na peleka kwa mkono. Panda Hiace ya Kisongo asubuhi, vaa shati safi, msalimie mlinzi, msalimie yule mama wa kaunta, omba kuonana na chifu pailoti, ukiambiwa hayupo uliza atakuwepo lini na urudi siku hiyo. Barua pepe zinasomwa ila sura inakumbukwa.

Kama una nafasi ya kufanya kazi ya chini, opresheni au kupakia ndege, na unaweza kuishi kwa huo mshahara, ichukue. Kuna dogo mmoja wa Moshi alianza hivyo. Nilichokiona kwake ni hiki: abiria wa safari wanaruhusiwa kilo 15 na begi laini, yeye kila begi analiinua mwenyewe kabla ya mzani, akihisi limezidi analitenga, hesabu ya uzito anaifanya kichwani huku mizigo inaingia kwenye lile tumbo la chini. Na hakuwahi kuacha Caravan ipakiwe nyuma bila ile nguzo ya mkia kusimamishwa, wala iondoke kabla hajaitoa na kumuonyesha kapteni kwa mkono kwamba ninayo hii. Makapteni wakaanza kumuulizia kwa jina. Siku kiti cha kulia kilipopatikana hakuna aliyeuliza ana masaa mangapi zaidi ya yale ya leseni. Ila weka kikomo, mtu asikutumie miaka kwa ahadi, mkubaliane mapema lini utaanza kuruka na kama tarehe inapita tafuta kwingine.

Interviu ya huku sio ya kukariri. Watakuuliza mambo ya hapa. Uwanja wa Arusha uko kama futi 4,550 juu ya usawa wa bahari, wanakuambia joto ni nyuzi 26, umejaza abiria na mafuta, ndege inajiona iko futi ngapi? Joto la kawaida kwa urefu huo ni kama nyuzi 6, umezidi 20, kila nyuzi iliyozidi inaongeza kama futi 120 juu ya zile 4,550, unapata karibu futi 7,000. Useme na maana yake, injini inatoa nguvu kidogo, mbio za kupaa zinarefuka, kupanda kunakuwa kuzito na Meru yenye mita zaidi ya 4,500 imesimama kaskazini mashariki yako. Wataendelea, Seronera kule Serengeti imenyesha kiwanja kimelainika unafanyaje, asubuhi ya Julai Arusha wingu liko chini na abiria wana ndege ya kuunganisha KIA, uwanja wa Kilimanjaro, unaamuaje. Anayetafutwa ni mtu wa kusema hatuendi tusubiri. Hapa mtoto wa Arusha au Moshi una haki ya kumshinda mgeni yeyote, hili wingu la Julai umekua nalo, usilisemee kwa kunong'ona.

Ukipata kazi na kapteni wako akawa mgeni, tafadhali usiingie na kinyongo. Huyo ndo anasaini mafunzo yako, na wengi wao wameruka sehemu ngumu wana mengi ya kutoa. Uliza, andika, omba akuachie utue wewe. Mpango wa urithishaji kwenye karatasi ni jina lako au la mwenzako, na unafanya kazi pale tu wewe unapokuwa tayari siku kibali chake kinaisha. Ila kama kuna mtu anaruka bila kibali hilo ni suala la Afisa Kazi, sio la kugombana kwenye gari la wafanyakazi.

Mwisho mambo ya hela. Mtu akikuambia ulipe ili uruke kama rubani kwenye ndege yenye abiria wa kulipa, kataa, unanunua kiti na kesho anakuja mwenye hela zaidi yako, na unawaharibia wote wanaokufuata. Mkataba wa bondi ni kitu kingine, kampuni inakulipia mafunzo na wewe unaahidi kukaa muda fulani, hiyo ni haki ila soma: deni ni kiasi gani, linapungua kila mwezi au linabaki lilelile mpaka siku ya mwisho, na wakikuachisha wao bado unadaiwa? Kama halipungui omba libadilishwe kabla ya kusaini. Mpelekee mwanasheria hata mmoja wa pale mjini akusomee, ada yake ni ndogo ukilinganisha na bondi. Na ukiachishwa kazi kwa njia usiyoiona ya haki, CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, wapo Arusha na malalamiko ya kuachishwa yanatakiwa yafike ndani ya siku 30, usikae mwezi mzima nyumbani ukisubiri chifu akupigie.