Redio, bamvua na tokeni za stima: kuandika bunilizi ya sayansi itakayotazamwa na nyumba nzima

Skripti yangu ya kwanza ya bunilizi ya sayansi ilikuwa na chombo cha anga kinachotua Tudor, hapa Mombasa, usiku, mvua inanyesha, maji yanachemka. Prodyuza alisoma kurasa mbili, akaifunga, akaniuliza: "Hiki chombo utakiunda wewe?" Nilirudi nyumbani nimenuna. Leo naona alinifanyia hisani.

Tangu hapo nimeandika tamthilia kadhaa za familia hapa Mombasa, na huu ndio utaratibu ninaoufuata kila nikianza mfululizo mpya. Nitatumia mfano mmoja mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya 1: Chagua uongo mmoja

Mtazamaji atakukubalia uongo mmoja, hata uwe mkubwa kiasi gani. Ukimwongezea wa pili anakunja uso, wa tatu anahamia stesheni nyingine. Uandike uongo wako kwa sentensi moja, kisha vingine vyote viwe kweli tupu: bei ya viazi karai, foleni ya feri, tabia ya maji.

Wangu ni huu: Kibokoni kuna fundi mwenye redio kuukuu ambayo, maji ya bamvua yakijaa kabisa, hunasa sauti za Mombasa ya miaka 50 ijayo.

Nimechagua bamvua kwa sababu mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Huja mara mbili kwa mwezi, karibu na mwezi kuandama na mwezi mpevu, pale jua na mwezi vinapoivuta bahari kwa mstari mmoja. Siku hizo hapa kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Na kuna jambo wavuvi wanalijua ila waandishi hatulitumii: wakati wa bamvua, bahari ya Mombasa hujaa karibu na saa kumi, ya alasiri na ya alfajiri. Saa kumi alasiri watoto ndio wanarudi kutoka shule. Saa kumi alfajiri Bibi anakaribia kuamka kuswali. Mimi sikupanga lolote hapo. Kisha kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo siku ya nne saa ya redio inaangukia magharibi, wakati mtoto anatakiwa awe chuoni, yaani madrasa. Yakifika maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana, redio hunyamaza kabisa, na hizo ndizo sehemu nzuri za kuwagombanisha watu wa nyumba, maana hawana cha kusikiliza ila wao wenyewe.

Uongo wako uupe pia mzizi wa kweli. Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa lililosimama baharini kuanzia 1967 hadi 1988. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa pale setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Kenya. Walipataka pale kwa sababu karibu na ikweta uso wa Dunia huzunguka kwa kasi kuliko kwingine, kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo huo bure. Basi redio ya fundi wangu aliirithi kwa babake, aliyekuwa mpishi jukwaani. Sielezi zaidi ya hapo. Mtoto akimgeukia mamake amuulize "Ni kweli?", mama aweze kujibu ndiyo, angalau kwa nusu.

Hatua ya 2: Uongo uwe na bei, na bei ilipwe nyumbani

Mwanzoni bei yangu ilikuwa kumbukumbu: ukisikiliza redio, unasahau siku moja ya maisha yako. Kwenye karatasi ilipendeza. Nilipowasomea watu, watoto wadogo waliogopa na wakubwa hawakuona inawahusu vipi.

Sasa redio inakula tokeni za stima. Dakika moja ya kusikiliza, na mita ya nyumba nzima inalia. Friji inazima, na ndani ya friji mna barafu za ubuyu ambazo Bibi huwauzia watoto wa mtaa. Ona kilichotokea hapo: mjukuu anataka kusikia kesho, Bibi anataka barafu zake zigande, na wote wawili wana haki. Sikuhitaji adui kutoka sayari yoyote.

Andika kanuni zako ubandike ukutani. Zangu ni tatu: redio husikia bamvua likijaa tu, hula stima, na haijibu. Ukikwama sehemu ya sita utatamani ijibu. Usithubutu, ila kama kuna mhusika aliyelipa kitu kikubwa ili kanuni ivunjike.

Hatua ya 3: Mpe kila mtu swali lake

Hapa sikai sana. Kwa kila mhusika andika jambo moja ambalo angeiuliza redio kama ingejibu. Saidi, miaka 9, anataka matokeo ya mpira. Dadake Mwanaisha, miaka 15, anasubiri kusikia jina lake. Bibi Zuhura anataka kujua kama mibuyu ya ufukweni Mama Ngina bado imesimama. Baba hataki kuuliza chochote, na huyo ndiye wa kumwangalia.

Hatua ya 4: Piga hesabu kabla ya kuandika

Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja kwenye skrini. Kipindi cha nusu saa, ukitoa matangazo ya biashara, hubaki na dakika 22 hadi 24, kwa hiyo ukiwa na kurasa 30 una kazi ya kukata. Kabla ya kila tangazo acha jambo linaning'inia.

Mahali pa kupigia picha pawe patatu, panne pakizidi sana. Mimi nina kibanda, ua na baraza ya nje. Mombasa ya miaka 50 ijayo haionekani hata siku moja, inasikika tu, na sauti ni rahisi kuliko picha za kompyuta. Si ujanja mpya. Waingereza walioanzisha tamthilia ya televisheni Doctor Who mwaka 1963 walikipa chombo chao umbo la kibanda cha simu cha polisi, na kikabaki hivyo kila kinakokwenda. Seti ikawa kiboksi cha mbao, na kikawa ndicho kitu ambacho watu hawakisahau.

Hatua ya 5: Andika sini yenye ngazi tatu

Hii ndiyo hatua yenyewe. Sini ya familia lazima impe mtoto wa miaka 6 kitu cha kuona, kijana kitu cha kugundua, na mzee kitu cha kumgusa, vyote kwa pamoja. Hii ni ya sehemu ya kwanza:

NDANI. KIBANDA CHA FUNDI – ALASIRI

Feni inazunguka. SAIDI, sare ya shule, kiatu kimoja mguuni, ameegemeza sikio kwenye redio. Mkwaruzo. Kisha sauti safi.

SAUTI YA REDIO
...leo ndiyo feri ya mwisho Likoni. Wanaotaka kuiaga waje na watoto wao...

Feni inapunguza mwendo, inasimama. Redio kimya.

BIBI (kutoka uani)
Saidi! Barafu zangu!

Saidi anavua shati haraka, anaifunika redio.

SAIDI
Stima zimepotea, Bibi! Mtaa mzima!

BIBI ZUHURA anatokea mlangoni, mikono ina unga. Nyuma yake, ng'ambo ya njia, taa ya duka la jirani inawaka.

BIBI
Mtaa mzima?

Mtazamaji mdogo anacheka kwa lile shati. Kijana anaiona taa kabla ya Saidi. Mzee aliyevuka Likoni maisha yake yote amebaki na ile feri ya mwisho, hata hajamsikia Bibi. Hakuna aliyeeleza redio inafanya nini. Rasimu yangu ya awali ilikuwa na Saidi akisema, "Bibi, redio hii inatoa sauti za miaka 50 ijayo!" Mstari kama huo ukiuona, ukate bila huruma. Mtoto gani anaizungumzia siri yake hivyo?

Hatua ya 6: Lugha

Bibi wangu anasema Kimvita, lahaja ya Mombasa, na hilo lina hatari zake. Kwenye sini moja anamwita mjukuu: "Ndoo hapa." Msomaji wa skripti, mtu wa bara, aliandika pembeni: "Iongezwe kwenye orodha ya vifaa." Siku ya kupiga picha tukakuta ndoo nyekundu mpya katikati ya seti. Tangu hapo naambatisha karatasi ya maneno: ndoo ni njoo, mato ni macho, kuteka ni kucheka. Lahaja nampa Bibi muda wote, na baba akikasirika tu. Watoto waseme kama watoto wa Mombasa wa leo, wala usiwasahihishe sarufi.

Watu wa redioni nao? Nimewapa neno moja moja ambalo leo halipo, bila maelezo.

Hatua ya 7: Pima hofu, kisha isome barazani

Kenya, kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, kinachorushwa kinatakiwa kifae watu wa rika zote. Kipindi chako ni cha saa hizo. Hofu iwepo, ila chanzo chake kiwe kitu ambacho mtoto anaweza kukizima au kukimbilia kwa mtu mzima.

Kisha chapisha nakala moja, nunua kahawa na kashata, ukae barazani uisome kwa sauti wakubwa na wadogo wakiwepo. Usiwaulize kama wamependa, watakudanganya kwa adabu. Shika kalamu, weka alama kwenye mstari ambapo mtoto wa kwanza anainuka kwenda kucheza. Mistari mitano kabla ya hapo ndipo penye tatizo.

Mara ya mwisho niliposoma hakuinuka mtu, ila mtoto wa jirani alinikatiza pale kwenye feri: "Kwani watu wa Likoni watavuka na nini?" Sikuwa na jibu. Swali hilo sasa ndilo linalofungua sehemu ya pili, na analiuliza Saidi, saa kumi alfajiri, gizani, tokeni zimebaki mbili.