Namna ya Kusoma Makala ya Utafiti wa Fani Usiyoisomea

Mwongozo huu unamlenga mwandishi wa habari, mfasiri, mwalimu au mwanafunzi wa uzamili anayelazimika kusoma makala ya utafiti wa fizikia, isimu au tiba ilhali hakusomea fani hiyo. Istilahi ngumu zisimtie hofu, kwa kuwa maana zake hutafutwa. Kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba kila fani ina desturi yake ya kupima na ya kukubali ushahidi, na desturi hiyo aghalabu haielezwi ndani ya makala, kwa sababu waandishi hudhani kwamba msomaji wao anaijua.

Soma kichwa na ikisiri mara moja, kisha uruke utangulizi na kwenda kwenye sehemu ya mbinu. Ikisiri huandikwa ili kumvuta msomaji, ilhali mbinu huandikwa ili mtafiti mwingine aweze kuirudia kazi ile, na kwa hiyo ni hapo ndipo waandishi hulazimika kusema bayana walichokifanya. Shika kalamu uandike sentensi moja inayoeleza ni kitu gani kilichopimwa, kwa njia gani, na kililinganishwa na nini. Ukishindwa kuiandika hata baada ya kusoma mara mbili, usiendelee na matokeo.

Faida ya sentensi hiyo inaonekana vizuri katika suala la Mpemba. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba katika Tanganyika ya wakati huo, aliona kwamba maziwa ya kutengenezea aiskrimu aliyoyaweka kwenye friji yakiwa bado moto yaliganda mapema kuliko ya mwenzake yaliyowekwa yakiwa hayana moto. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwanafizikia aliyefundisha chuo kikuu Dar es Salaam, walichapisha habari hiyo katika jarida la Physics Education. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha katika Scientific Reports makala iliyoeleza kwamba hawakupata ushahidi wa kuridhisha kuwa maji ya moto hupoa haraka zaidi. Msomaji mwenye haraka ataandika kwamba Mpemba amekanushwa. Aliyeandika sentensi yake atagundua kwamba Osborne na Mpemba walishughulika na muda unaopita hadi maji yaanze kuganda, ilhali Burridge na Linden walipima muda wa maji kufikia nyuzijoto sifuri, na maji yanaweza kushuka chini ya sifuri bila ya kuganda. Tena makala ya 2016 ilionyesha kwamba kuinua au kushusha kipimajoto kwa sentimita moja tu kunaweza kuzalisha tofauti inayofanana na ile iliyokuwa ikitafutwa. Kwa maoni yangu makala ya pili haiifuti ya kwanza, ila inawanyima hoja wale wanaodai kwamba maji ya moto hutangulia kuganda kila mara.

Katika fizikia, angalia pia kinachofuata baada ya alama ya ±. Shaka za kitakwimu hupungua vipimo vinaporudiwa mara nyingi, lakini hitilafu iliyomo ndani ya mtambo wenyewe haipungui hata vipimo vikirudiwa milele. Septemba 2011 watafiti wa jaribio la OPERA walitangaza kwamba nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zilizotumwa kutoka CERN, maabara ya fizikia iliyo karibu na Geneva, hadi maabara ya Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilomita 730 hivi, zilifika takriban nanosekunde 60 kabla ya wakati ambao mwanga ungefika. Kitakwimu matokeo yale yalikuwa imara kupita kiwango cha sigma 5 (yaani uwezekano mdogo mno wa kutokea kwa bahati tu) kinachodaiwa na wanafizikia kabla ya kutangaza ugunduzi, kama walivyofanya kwa chembe ya Higgs mwaka 2012. Mwaka huo huo wa 2012 ilibainika kwamba kebo moja ya nyuzi za mwanga haikuwa imechomekwa sawasawa. Kwa hiyo jedwali linaloorodhesha vyanzo vya hitilafu za vipimo, ambalo wasomaji wengi hulipita, linastahili muda wako kuliko mchoro wa matokeo.

Utafiti wa tiba hutosheka kwa kawaida na thamani ya p (uwezekano wa kupata tofauti kubwa kiasi hicho kwa bahati tu, hata kama tiba haina athari) iliyo chini ya 0.05, kiwango ambacho mwanafizikia angekiona kuwa cha chini mno. Si uzembe: binadamu hutofautiana sana, na washiriki hawawezi kuongezwa kama vipimo vya mtambo. Fidia yake ni kugawa watu kwa nasibu katika makundi na kutangaza mapema, katika sajili ya majaribio, ni tokeo gani litakalohesabiwa kuwa kuu. Linganisha tokeo lililosajiliwa na lile lililopambwa katika ikisiri.

Chukua chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyojaribiwa katika nchi saba za Afrika kwa watoto 15,459, wakiwemo wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Ripoti ya 2011 ilitoa ufanisi wa asilimia 56 hivi kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, katika mwaka mmoja baada ya dozi ya tatu. Ripoti ya 2015, baada ya ufuatiliaji wa takriban miaka minne, ilitoa asilimia 36 kwa waliopata dozi ya nne, na 28 kwa ambao hawakuipata. Tarakimu hizi hazipingani. Muda na idadi ya dozi ndivyo vinavyotofautiana, na mwandishi anayenukuu asilimia bila ya kutaja umri, dozi na muda hajasema kitu. Wala asilimia 36 haimaanishi kwamba watoto 36 katika kila 100 wamekingwa kabisa. Maana yake ni kwamba visa vya malaria vilipungua kwa kiasi hicho vikilinganishwa na kundi lililopewa chanjo nyingine. Tafuta pia hesabu halisi: katika kundi la dozi nne visa vilivyoepushwa vilikadiriwa kuwa 1,774 kwa kila watoto 1,000, idadi inayozidi watoto wenyewe kwa sababu mtoto mmoja huugua zaidi ya mara moja.

Katika isimu huenda usikute thamani ya p hata moja, kwa kuwa ushahidi ni sentensi na wanaozisema. Uliza wasemaji walikuwa wangapi, wa wapi, na kama mazungumzo yao yalirekodiwa au waliulizwa tu kama sentensi fulani inakubalika. Makala isemayo kwamba Kiswahili hulazimisha kiambishi cha mtendwa pale mtendwa anapokuwa mtu, kwa maana kwamba "nilimwona mwalimu" ni sahihi na "niliona mwalimu" ni kosa, inaweza kuwa kweli kwa Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja, lakini haimlazimu msemaji wa Lubumbashi, nchini Kongo. Hapa msomaji wa Kiswahili ana nafasi adimu ya kuupima ushahidi kwa sikio lake mwenyewe, mradi asidhani kwamba lahaja yake ndiyo lugha nzima.

Jihadhari na alama ya nyota. Katika sarufi, nyota mbele ya sentensi huonyesha kwamba wasemaji wameikataa. Katika isimu historia huonyesha umbo lililokisiwa ambalo halikurekodiwa popote. Katika jedwali la tiba, nyota huashiria kiwango cha thamani ya p.

Mwisho, kagua kama makala imepitiwa na wataalamu wengine au ni rasimu iliyowekwa kwenye hazina kama arXiv au medRxiv, na kama imewahi kusahihishwa au kufutwa. Unaponukuu rasimu, andika tarehe na namba ya toleo. Makala ya OPERA ingali kwenye arXiv kwa anwani ile ile: toleo la kwanza linasema nyutrino ziliupita mwanga, na la mwisho, la 2012, linasema hapana.