Kuandika na kuongea kikazi ukiwa unasoma komersi: barua ya staji, simu, PV (ripoti ya mukutano) na ekspoze (kuelezea kazi yako mbele ya watu)

Jambo yenu wote. Hizi siku namusaidia mudogo wangu atafute staji (fasi ya kujifunza kazi ndani ya kampuni), eko anasoma komersi hapa Lubumbashi, na wenzake wa promosheni wameanza kunitumia maswali ku WhatsApp, karibu yote yanafanana, basi naona bora niyaweke yote fasi moja. Mimi ni sekretere kwenye ajansi ya transiti, wale wanapitisha mizigo ya watu ku doane (forodha). Kutoka asubuhi mpaka jioni ni barua, fakture, dosie za makontena ya Kasumbalesa ku mupaka na Zambia, simu za wateja wa Zambia na za wakubwa wa Kinshasa. Barua za wanafunzi zinapitia kwanza mezani kwangu mbele direktere azione, kwa hiyo naonaka zile anasoma mpaka mwisho na zile zinalala ku farde bila jibu.

Kile ninachowaambia wote ni hiki: barua inaanza ku mdomo. Sema kwanza kile unataka, kwa Kiswahili, kwa sauti, kisha njo utafute Kifaransa. Masilabusi yanaanzaka na sura ya barua na maneno ya heshima, mimi hivyo vyote naviweka nyuma.

Hatua ya 1: sema

Shika telefone, fungua pale pa kurekodi sauti, elezea kama vile unamuelezea yaya yako mwenye hajui kitu juu ya masomo yako. Wewe ni nani, unataka nini, kuanzia lini mpaka lini, na juu ya nini umechagua hao watu na si jirani yao. Dakika moja inatosha. Ikizidi, maana yake wewe mwenyewe bado haujajua kile unataka.

Mudogo wangu barua yake ilianza na « J'ai l'honneur de venir auprès de votre haute personnalité… » na unasoma mistari mitano bado haujaona anatafuta nini. Nikamwambia weka karatasi chini, nielezee. Akasema: « Yaya, niko mwaka wa tatu, nataka nijifunze kutengeneza fakture na kufuata dosie ya doane mpaka inatoka, naweza kuja kila siku asubuhi, kuanzia tarehe 3 mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa ine. » Barua njo hiyo! Kila kitu direktere anatafuta kiko ndani: amefika wapi na masomo, anataka kazi gani, anapatikana saa gani, tarehe gani. Ilibaki tu kuitia ku Kifaransa chenye heshima, na hiyo haikutuchukua muda.

Hatua ya 2: andika ku kaye

Na biki. Telefone inakukosoa maneno na kukuwekea ya kwake, unajikuta umeandika kitu haukutaka kusema. Na zile programu zinakuandikia barua nzima, ukitaka zitumie mwishoni kuangalia makosa ya Kifaransa, lakini usianzie huko, juu direktere akikupigia simu akuulize mustari wa pili ulitaka kusema nini, utamujibu nini? Sentensi fupi, kila sentensi na jambo lake, paragrafu tatu basi.

Hatua ya 3: sura ya barua

Hii mumeisoma, na wale waliotoka Commerciale et Gestion ku sekondari waliisoma mara mbili, sirudilie. Mambo mawili tu. Musikopi mifano ya barua ya intaneti kutoka Ufaransa na kuacha mpaka code postal ya kule (ile namba ya posta), adresi yetu ni avenue, quartier, commune, kisha Lubumbashi. Na provensi ni Haut-Katanga, tangu 2015 Katanga ya zamani iligawanywa mara ine, lakini bado napokea barua zimeandikwa « Province du Katanga » ya watoto waliokuwa shule ya msingi ule mwaka.

Hatua ya 4: maneno ya mwisho wa barua

Ukianza na « Monsieur le Directeur », ndani ya maneno ya mwisho rudilia vilevile « Monsieur le Directeur », si « Monsieur » peke yake, si « cher Directeur ». Kama haujui ni baba ao ni mama, uliza ku mapokezi, simu moja tu, watakwambia.

Kisha kuko hii kosa nayaona hata kwa watu wenye vyeo: « Dans l'attente d'une suite favorable, veuillez agréer… ». Mwenye kungojea ni wewe, si direktere, kwa hiyo lazima sentensi iendelee na wewe: « je vous prie d'agréer… ». Ukiona inakuchanganya, katisha sentensi mbili. Ya kwanza unashukuru na kusema uko tayari kuja kuelezea zaidi, ya pili unaaga.

Hatua ya 5: kupeleka barua

Hapa musikimbie. Watoto wanapoteza staji hapa kuliko ku Kifaransa, na hakuna mwenye kuwafundisha, wanafikiri barua ikiisha kuandikwa basi kazi imeisha.

Piga kopi mbili, zote mbili saini na biki ya bleu, juu ile kopi yenye haina saini yako sekretere mwengine atakatala kuipokea, na ana haki. Moja ni ya kwao, ingine ni yako. Ile yako njo wataandika tarehe, jina ya mwenye kupokea, saini na kashe (muhuri), njo accusé de réception yako, ile yenye kushuhudia walipokea. Bila hiyo, barua haikufika, hata kama uliiacha mezani kwa mikono yako. Wakikwambia kashe iko kwa mukubwa na mukubwa ametoka, usibishane, omba aandike tu jina na tarehe na biki, inatosha. Kwenye maburo makubwa wanawekaka pia namba ya kuingia, hiyo namba iandike tena ku kaye yako siku hiyohiyo, juu ukirudi kuuliza, mutu atatafuta ku rejista na ile namba, jina yako haitamusaidia.

Bahasha usiifunge na gamu. Mwenye kupokea anataka aone ni nini mbele aweke kashe, ukifunga atapasua, barua itaingia ku buro ya direktere ndani ya bahasha yenye kupasuka. Viambatisho viandike chini ya barua kimoja kimoja: CV, barua ya rekomandasyo ya shule, kopi ya karte ya munafunzi. Ukiviandika na kimoja kikapotea ndani ya nyumba yao, accusé yako inaonyesha ulikileta.

Usimuachie zamu, yule mulinzi wa mulango. Najua zamu ni mutu muzuri, atakwambia « acha tu, nitaingiza », na atafanya kweli, lakini hana rejista na hana kashe. Mushukuru, mwambie shule inaomba accusé, ataelewa na atakuonyesha mulango. Uende asubuhi, si muda wa kula, na si siku ya Ijumaa mangaribi wakati kila mutu anafunga dosie za juma.

Na hapa njo kuandika na kuongea vinakutana, juu mbele ya yule sekretere haujaleta karatasi peke yake, umejileta na wewe mwenyewe. Ile sauti ya Hatua ya 1 uliyorekodi, hapa njo inakusaidia. Salamu kwanza. « Jambo mama » ao « Jambo papa », ngojea ajibu. Kisha: jina yako, shule yako, umeleta barua ya kuomba staji ku buro ya watumishi. Basi. Usianze kuelezea maisha yako yote. Akikujibu Kifaransa fuata Kifaransa, akibaki ku Kiswahili baki ku Kiswahili. Wanafunzi wengi wanalazimisha Kifaransa kigumu mbele ya mama mwenye kuwasalimia vizuri na Kiswahili, na yule mama anaona kama wanamupandia. Kiswahili cha heshima ni lugha ya kazi hapa kwetu, fundi, mteja, dereva wa kamyo, wote utaongea nao Kiswahili ukiingia kazini.

Kama wanataka ku imeili, usitume Word. Tuma PDF, juu Word ikifunguliwa ku kompyuta ingine mistari inatembea, saini inaenda ku ukurasa wa pili peke yake. Faili uipatie jina yako na kazi yake, si « document1 » wala « CV nouveau final ». Ndani ya imeili yenyewe andika sentensi mbili tatu, usiache tupu, imeili tupu yenye faili mbili watu wanaogopaka kuifungua. Na angalia adresi yako mwenyewe: zile adresi za utoto zenye majina ya wachezaji mupira, fungua ingine yenye jina na postnom.

Kisha kungojea. Pitisha juma moja ao kidogo zaidi, halafu piga simu. Simu ya kikazi iandike mbele upige: tarehe ya barua, namba ya kuingia, swali moja. « Jambo mama, naitwa fulani, nilileta barua ya staji tarehe 10, iliingia na namba hii, naomba kujua kama imefika kwa mwenye kuhusika. » Akisema bado, uliza siku gani unaweza kupiga tena, uiandike, na siku hiyo upige kweli. Kama barua ilitumwa Kinshasa ku makao makuu, kumbukeni Lubumbashi inatangulia Kinshasa saa moja, ukipiga hapa saa mbili za asubuhi kule bado ni saa moja, hakuna mutu ku buro. Hata ukipanga mazungumuzo ya video, andika wazi « heure de Lubumbashi ». Wakinyamaza tena, njo unaandika barua ya pili, fupi sana, inayotaja ile ya kwanza na tarehe yake, na unaambatisha kopi ya accusé. Ile kopi njo inafanya mutu atafute.

Hatua ya 6: namba na pesa

Ukiisha kuingia staji watakupa fakture na barua za wateja, na hapa njo angalieni sana. Muzambia akiandika 1,500 anasema elfu moja mia tano. Sisi tuliosoma Kifaransa, virgule inatenganisha sehemu ndogo, kwa hiyo mutu wa hesabu anaweza kuiona kama moja na nusu. Ukiandika 1.500,00 naye anashangaa. Acha nafasi katikati, 1 500, weka USD ao FC (faranga ya Kongo) mbele, na urudilie kiasi kwa maneno. Kwa simu pia rudilia kiasi polepole, omba yule mwengine akurudilie, kisha tuma ujumbe wa kuthibitisha. Tarehe vilevile, mwezi uandike kwa jina.

Na barua ya kampuni inatoka ku karatasi ya kampuni, ile yenye RCCM, Id. Nat. na namba ya impôt chini (namba za kuandikishwa za kampuni na ya kodi). Usitengeneze ya kwako hata kama unajua kupamba.

Hatua ya 7: PV ya mukutano

Stajeri njo wanamupaka hii kazi. Usiandike kila neno watu wanasema. Chora safu tatu ku kaye: tumeamua nini, nani atafanya, mbele ya tarehe gani. Juu uweke walikuwepo nani na nani aliomba ruhusa. Ukiona uamuzi hauna mwenye kuufanya, nyoosha mukono uulize palepale, kwa adabu, « mukubwa, hii naandika kwa nani? ». Watakuheshimu. Safisha siku hiyohiyo, kesho utakuwa umesahau.

Hatua ya 8: ekspoze na kutetea ripoti ya staji

Sipendi PowerPoint kwa wanaoanza. Najua profesere wengine wanaiomba, basi tengeneza, lakini jiandae kuongea bila hiyo, juu delestaji (kukatwa kwa umeme) haiulizi ni siku gani unatetea. Karatasi moja ndogo ya mukono, maneno tano sita makubwa, basi. Jury, wale profesere wanakusikiliza na kukuuliza, wako na ripoti mbele yao, ukiwasomea wanayoyaona watachoka na wataanza kutafuta makosa ya nukta na virgule.

Anza na kazi uliyoikuta na tatizo uliloliona kwa macho. Historia ya kampuni tangu ilipoanzishwa iache ndani ya ripoti. Kwa mfano: dosie zilikuwa zinakawia ku doane juu fakture zilifika bila kiasi kuandikwa kwa maneno, tukafanya hivi, zikaanza kupita. Mutu akisikia mwanzo kama huo anainua kichwa.

Jizoeze ukiwa umesimama, kwa sauti, na telefone inarekodi. Sikiliza tena. Utasikia « euh » zako, utasikia pale unakimbia, na pale unakimbia mara nyingi ni pale haujaelewa vizuri, rudi usome hapo. Fanya mara moja kwa Kiswahili mbele ya mutu wa nyumbani, mama, yaya, yeyote. Akielewa, Kifaransa kitafuata. Asipoelewa, kosa haiko ku lugha.

Maswali ya jury: andika swali lote kwanza, hata kama wanakungojea, kisha lirudilie kwa maneno yako kabla ya kujibu, « kama nimeelewa vizuri, profesere anauliza kama… ». Inakupa pumuzi na inakulinda usijibu swali lingine. Jibu fupi. Kama jibu haliko ndani ya staji yako, sema haukupitia ile kazi, taja ni service gani pale kampuni wanaifanya, na uendelee na swali linalofuata.