Namna ya kutazama fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ukaielewa

Saa kwanza. Mechi ikianza saa 2:30 usiku New York, hapa Dar ni saa 9:30 usiku. Lala mapema. Ukiamka asubuhi kutazama marudio, simu usiiguse, maana makundi ya WhatsApp hayana siri.

Bingwa ni anayewahi kushinda mechi nne kati ya saba. Mwenye rekodi bora huanza nyumbani mechi mbili, mbili zinazofuata ni kwa mwenzake, halafu wanapokezana. Kwa hiyo aliyepoteza mbili ugenini usimzike bado.

Sasa acha kukodolea mpira macho. Tazama nani anamkaba nani. Chukua mwaka 2016, Cleveland na Golden State, mechi ya saba. Ubao umeganda 89-89 karibu dakika nne nzima. Cleveland wanataka kitu kimoja tu: Kyrie Irving wao akabiliane na Stephen Curry wa Golden State. Basi anayekabwa na Curry anasogea kumzibia njia mkabaji wa Irving, na wakabaji wanabadilishana watu. Irving anabaki na Curry, anavuta pembeni, anarusha ya pointi tatu. Cleveland wakashinda 93-89 na kuchukua ubingwa, na walikuwa nyuma 3-1 katika mfululizo!

Fanya hivi: kila mechi, mtafute beki anayewindwa, yaani yule ambaye wapinzani wanataka kumshambulia, kama Curry siku ile. Kocha akimtoa, tazama nani atawindwa badala yake. Na kama usingizi umekubana, robo ya pili ndiyo ya kusinzia. Ya nne usithubutu.