Jinsi ya kuchagua propela ya kujilaza kwa yoti ya safari ndefu

Wakuu, yoti ikiwa na propela ya kawaida ya mapanga matatu, ukishazima injini ukatweka tanga ile propela inaendelea kukokota maji njia nzima, upepo ukiwa mdogo unapoteza hata nusu noti (maili ya bahari kwa saa) ya mwendo. Ya kujilaza mapanga yake yanageuka yanafuata mkondo wa maji. Ila bei yake si mchezo, kwa hiyo fuata hatua.

Hatua ya 1: Pima kwanza, brandi baadaye. Andika kipenyo cha shafti, ile fimbo ya chuma inayozungusha propela, na ule mchongoko wa mwisho wake, boti za Ulaya nyingi ni 1:10 (yaani kipenyo kinapungua 1 kwa kila 10 ya urefu), za Kimarekani 1:16, ukikosea hapo propela haikai. Simama nyuma ya boti uangalie shafti ikienda mbele inazungukia kulia au kushoto. Soma kibati cha giaboksi, maana injini ya mizunguko 3600 kwa dakika na giaboksi ya 2:1 shafti inapata 1800 tu. Halafu pima nafasi kati ya ncha ya panga na bodi ya boti, isipungue asilimia 10 ya kipenyo cha propela, 15 ndo raha, ikibana boti itatetemeka.

Hatua ya 2: Ya kujilaza au ya kujikunja? Ya kujikunja kama Gori au Flexofold, ambayo mapanga yake yanafunga kuelekea nyuma, ni nyepesi, na kwenye tanga haizuii maji karibu kabisa. Mimi kwa anayetia nanga sehemu za kubana namshauri ya kujilaza kama Max-Prop, sababu kwenye rivasi panga linajigeuza zima na boti inashika breki kweli. Mapanga yake ni bapa, kwa hiyo kwenda mbele inapungukiwa kidogo na ile ya kawaida, kubali hilo.

Hatua ya 3: Seti pichi, yaani ule mlalo wa panga. Chini ya boti kukiwa safi kanyaga mafuta mpaka mwisho. Injini haifiki mizunguko yake na inatoa moshi mweusi, pichi ni kubwa. Inapitiliza, ni ndogo.

Hatua ya 4: Nunua zinki za akiba (vile vipande vinavyoliwa na kutu badala ya propela) siku hiyohiyo, zina umbo lake na huku kwetu utazisubiri sana.

MASWALI

Swali: Kaka, inajilaza yenyewe nikizima injini?
Jibu: Max-Prop zima ikiwa bado gia ya mbele na boti inatembea noti 2 au 3, shafti ikiendelea kuzunguka tia rivasi isimame. Ukiiacha nyutro maji yanaizungusha na haijilazi.

Swali: Boti yangu inakaa tu Kilifi miezi, itafaa?
Jibu: Itafaa dada ila mtume mzamiaji kabla hujang'oa nanga. Kile kigamba kimoja cha baharini kikiota kwenye shina la panga, pale linapoingia kwenye kitovu, panga haligeuki na mengine yanakwama nalo.

Swali: Grisi mpaka nipandishe boti juu?
Jibu: Mara moja kwa mwaka, na pakiwa pakavu kazi ni rahisi. Kama mkuku wako ni mrefu subiri bamvua, iegemeze ukutani maji yakijaa, yakipwa una masaa machache, fungua skrubu, pampu grisi ya baharini mpaka ile ya zamani itoke yote, rudishia, badilisha na zinki hapohapo.