Kupunguza Methani katika Jaruba la Mpunga

Udongo uliofunikwa na maji kwa wiki nyingi hukosa oksijeni, na vijidudu wanaostawi katika hali hiyo huozesha mabua na samadi mbichi na kutoa methani, gesi inayopasha dunia joto, ambayo sehemu kubwa hupanda hewani kupitia shina la mpunga wenyewe. Dawa yake ni kuliacha jaruba likauke kwa vipindi.

Chukua bomba la plastiki lenye urefu wa sentimita 30, litoboe matundu pande zote, kisha lizike hadi sentimita 10 tu zibaki juu, na uondoe udongo ulio ndani ili uweze kuona humo kiwango cha maji yaliyo ardhini. Wiki mbili hivi baada ya kupandikiza, acha maji yashuke. Yakifika ndani ya bomba sentimita 15 chini ya uso wa udongo, mwagilia tena hadi kina cha sentimita 5 juu ya udongo. Mpunga unapotoa maua, usithubutu kuukausha, kwani punje zitakuwa pepe.

Mbolea ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu nitrojeni iliyozidi katika udongo unaolowa na kukauka hugeuka naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto kuliko methani. Gawa yurea, yaani mbolea ya nitrojeni, kwa awamu, na uinyunyize udongo ukiwa mkavu, muda mfupi kabla ya kufungulia maji, ili izame kwenye mizizi. Katika skimu za umwagiliaji kama Mwea nchini Kenya, ambako maji hutolewa kwa zamu, ratiba hii hupangwa pamoja na majirani wa mfereji mmoja.