Kutega sungura pori kwa kitanzi, njia ya wazee

Usikimbilie kutega, kwanza tafuta njia yake, maana sungura hupenda kupita palepale, utaona kanjia kembamba nyasi zimelala, pembeni kuna vinyesi vya mviringo na vichipukizi vimekatwa mshazari kama kwa wembe. Hapo ndo pa kutegea.

Chukua waya laini au kamba ngumu, tengeneza kitanzi cha kupitisha ngumi, kikae kama vidole vinne juu ya ardhi ili kichwa kiingie na miguu isikanyage. Ukifunge kwenye fito mbichi uliyoipinda, ikifyatuka inamnyanyua mara moja, mi naona bora hivyo kuliko kumfunga kwenye kigingi akahangaika usiku kucha. Mikono paka udongo wa hapohapo upunguze harufu.

Wavu nao upo ila unataka watu wengi wa kumfukuza toka kichakani.

Jamani mtego ukaguliwe alfajiri, usiuache siku mbili, na pakipita mbwa au mifugo hama. Uliza sheria za eneo lako pia, sehemu nyingi kutega bila kibali ni ujangili. Ukimchuna vaa glavu na nyama iive kabisa, anaweza kuwa na tularemia, ugonjwa wa bakteria unaoweza kumwambukiza mtu.